UDONGO, MAJI NA UJIRA: UJENZI WA MIDUGUDU HUKO BWEYEYE



Wengi wetu tunaofanya kazi Kamembe na Bugarama tumelisikia jina la Bweyeye, lakini waliofika huko ni wachache. Sekta hiyo iko pembeni kabisa mwa wilaya yetu ya Rusizi, mpakani na Burundi, nayo imekumbatiwa na msitu wa Nyungwe. Mtu atokaye Kamembe hushika barabara ya Kigali, akaingia msituni, na pale Pindura akakata kuelekea kusini, kilomita kama 30 za milima mitupu. Barabara hiyo sasa ina lami. Mimi niliipita mara ya kwanza ilipokuwa ya udongo, nikiwa nyuma ya pikipiki, mwiko na pimamaji vimefungwa ndani ya mfuko wa unga. Mara nne tulishuka kuisukuma.

Wakati ule nilikwenda kama mwashi. Siku hizi naenda kama mtu wa chama, na kila ninapopanda naona mambo mawili yakiongezeka: nyumba zilizopangwa kwa mistari, na makorongo kati ya mistari hiyo. Nataka tuzungumze juu ya hayo mawili, na juu ya jambo la tatu ambalo wataalamu wakija na karatasi zao hulisahau, yaani ujira wa yule anayechimba, anayekanyaga udongo na anayepanda majani.

Tukumbushane kidogo. Serikali ya Rwanda iliamua mwezi Desemba 1996 kwamba watu wa vijijini wajenge pamoja katika midugudu, badala ya kila mtu kukaa peke yake kwenye kilima chake. Sababu zilikuwa nyingi: wakimbizi waliokuwa wakirudi bila makao, uhaba wa mashamba, na haja ya kuwafikishia watu maji, shule na zahanati kwa urahisi. Jirani zetu wa Tanzania walitangulia katika njia hiyo, maana kati ya 1973 na 1976 mamilioni ya watu walihamishiwa vijijini, na mahali pengi nyumba ziliwekwa kando ya barabara kabla mtu hajauliza maji yako wapi wala udongo ukoje. Baadaye hapa kwetu likaja wazo la mudugudu wa kijani. Ule wa Rubaya, wilaya ya Gicumbi, ulijengwa kwa kaya 43, ukapewa matangi ya kuvuna maji ya mvua, gesi ya kupikia itokanayo na samadi ya ng'ombe, na matuta kwenye miteremko. Ule wa Rweru, wilaya ya Bugesera, uliofunguliwa 2016, ulipokea watu waliotoka katika visiwa vya Mazane na Sharita.

Hayo ni mambo mema na yafaa tuyasifu. Lakini midugudu hiyo ya mfano ilipata fedha na wahandisi. Kule Bweyeye nyumba nyingi zitajengwa na mwenyewe akisaidiwa na fundi mmoja na wayedi wawili, na siku msingi unapochimbwa fundi huyo ndiye mtaalamu pekee aliyepo. Kwa hiyo maneno haya nawaambia nyinyi.

Nianze na maji. Nyungwe hupata mvua nyingi kuliko sehemu kubwa ya nchi, na Bweyeye imo ndani ya mvua hiyo. Zamani nyumba iliezekwa kwa nyasi, na paa la nyasi huinywa mvua na kuiachia polepole. Kampeni ya kuondoa nyakatsi, yaani nyumba za nyasi, ilipita nchi nzima hadi mwaka 2011, na leo paa ni la bati au vigae. Bati halinywi kitu. Chukua nyumba ya mita 7 kwa 8: paa lake hufunika mita 56 za mraba. Mvua ya milimita 40, ambayo kule si ajabu kunyesha mchana mmoja, itamwaga kutoka paa hilo lita 2,240, maana yake majerikani 112 ya lita 20. Mudugudu wa nyumba 30 utamwaga lita 67,200. Hizo ni tani 67 za maji, na zote zinatafuta njia moja ya kuteremkia. Njia hiyo mara nyingi ni ile ile ya watoto kwendea shule, au ni ukuta wa nyuma wa jirani aliye chini.

Sisemi haya kuwatisha watu. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua ilinyesha katika mkoa wetu wa Magharibi na ule wa Kaskazini, mito ikafurika, milima ikaporomoka, na watu zaidi ya 130 wakafa. Wengi walikuwa wamelala ndani ya nyumba zao. Mvua yenyewe hakuna fundi awezaye kuizuia. Ila wapi nyumba imekaa, na maji ya paa yameelekezwa wapi, hayo ni kazi ya mikono ya watu.

Watu husema, basi tuweke tangi. Sawa, tangi ni jambo jema, hasa kwa mama anayeshuka bondeni kuteka maji. Lakini fanyeni hesabu. Tangi la lita 1,000 kwenye paa lile la mita 56 hujaa mvua ikifika milimita 18. Mvua iliyobaki yote hufurika juu ya tangi na kumwagika pale pale kwenye kona ya msingi. Nimeziona nyumba zilizopewa tangi ambazo kona yake ya tangi ndiyo iliyobomoka kwanza! Tangi lazima liwe na bomba la kutolea maji yaliyozidi, na bomba hilo liishie kwenye shimo lililojazwa mawe, mita kadhaa mbali na ukuta. Pandeni migomba kuzunguka shimo hilo. Mgomba hunywa maji bila kuchoka, na familia inapata ndizi.

Sasa udongo. Wapo wanaodhani kwamba nyumba bora ni ya saruji peke yake, na kwamba matofali ya rukarakara, yale makubwa ya udongo mbichi yaliyokaushwa kwa jua, ni aibu ya maskini. Sikubaliani nao. Saruji tunayo karibu, kiwanda cha Bugarama kimo ndani ya wilaya yetu tangu miaka ya 1980, na kile kipya kilichofunguliwa 2015 kiliwekewa uwezo wa tani 600,000 kwa mwaka. Ndugu zetu wanaofanya kazi pale sina neno nao, na ule ni mkate wao. Lakini saruji hupikwa kwa moto wa digrii karibu 1,450, na mawe ya chokaa yenyewe yakiungua hutoa hewa ya ukaa inayochangia kuharibu hali ya hewa ya dunia. Halafu mfuko lazima upande mlima mpaka Bweyeye, na kila kilomita inaongeza bei. Tofali la kuchoma nalo linataka kuni, na kuni za Bweyeye ziko wapi ikiwa siyo msituni? Nyungwe ni hifadhi ya taifa, na Septemba 2023 iliandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia. Kijana anayeingia mle na shoka anarudi na kesi. Kule bondeni Bugarama, kwenye mpunga mwingi, tofali linaweza kuchomwa kwa pumba katika tanuri zilizoboreshwa, kama mradi wa PROECCO wa Waswisi ulivyofundisha katika nchi yetu kuanzia 2013. Huko juu hakuna pumba. Kuna udongo na jua la Julai na Agosti, basi.

Na sheria haitukatazi. Tangu 2019 miongozo ya ujenzi inaikubali rukarakara kwa nyumba za chini zisizo na ghorofa, ilimradi zijengwe kwa kanuni.

Kanuni hizo ndizo zinazonipa shida, kwa maana nilijifunza kwa njia mbaya. Nilipokuwa fundi kijana nilimjengea mjomba wangu nyumba ya rukarakara. Nilikuwa na haraka. Nilipanga matofali karibu juu ya udongo mtupu, mawe ya msingi yakiwa yamejitokeza kiganja kimoja tu, na upande wa mvua niliacha bati fupi ili kuokoa pesa. Mwezi wa Aprili ukuta ule ulinyonya maji kutoka chini, ukapigwa na mvua kutoka pembeni, ukalala nje usiku. Mbuzi wawili walikufa. Watu, Mungu asifiwe, walikuwa chumba cha pili. Mjomba hakunitukana. Alinipa kiti, akanipa chai, akaniuliza kama na mimi nimeumia. Mpaka leo nikipita pale natazama upande mwingine.

Yafuatayo basi ni yale niliyoyalipia kwa mbuzi wa mjomba. Udongo usiwe ule mweusi wa juu wenye mizizi. Uchimbwe chini yake. Jaza theluthi ya chupa, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa, acha mpaka kesho: mchanga utakaa chini, udongo wa mfinyanzi utakaa juu. Mfinyanzi ukiwa mwingi mno tofali litapasuka likikauka, ukiwa kidogo mno litamomonyoka mkononi, na robo hivi ni kiasi kizuri. Changanya na majani makavu yaliyokatwakatwa. Tofali lilindwe na jua kali siku za kwanza kwa majani ya migomba, kisha ligeuzwe kusimama kwa ubavu, na likae wiki nne. Bweyeye, kwa ukungu ule wa asubuhi, mimi nangoja hata tano. Kisha chukua moja, liangushe kutoka usawa wa kiuno. Likivunjika vipande vingi, shehena yote ina mashaka.

Msingi wa mawe utoke juu ya ardhi nusu mita, na kati ya mawe na tofali la kwanza uweke kizuizi cha unyevu, walau karatasi nene ya plastiki. Paa lizidi ukuta kwa sentimita 60 au zaidi, na upande wa mvua lizidi sana. Msiupige ukuta wa udongo lipu ngumu ya saruji tupu, maana saruji na udongo havivuti pumzi pamoja. Lipu itapasuka, maji yataingia nyuma yake, na siku moja itaanguka kama ganda. Lipu ya udongo na samadi, au ya chokaa, hukaa vizuri zaidi, ingawa inataka kurudiwa kila baada ya miaka michache. Kurudia huko nako ni kazi, na kazi ina mwenyewe.

Kuna jambo ambalo wasifiaji wa nyumba za udongo hawalisemi, nami nitakuwa mwongo nisipolisema. Sisi tunakaa kwenye bonde la ufa. Tarehe 3 Februari 2008 ardhi ilitetemeka hapa Rusizi na Bukavu kwa nguvu ya 5.9, na upande wa Rwanda walikufa watu zaidi ya 30. Mwaka 2015 ilitetemeka tena. Ukuta wa udongo ni mzito na haupindi. Ukitikiswa hufunguka kwenye kona. Kwa hiyo rukarakara bila mkanda juu ya kuta zote, wa mbao zilizofungwa vizuri au wa zege lenye nondo, siyo nyumba ya kulaza watoto. Kona zifungwe kwa kupishanisha matofali, mlango na dirisha vikae mbali na kona, ukuta mrefu upewe nguzo ya kuuegemeza. Saruji kidogo tuliyo nayo iende pale, kwenye mkanda, badala ya kuimaliza kwenye sakafu ing'aayo ya sebule. Tajiri wa nyumba atabisha, kwa sababu sakafu inaonekana na mkanda hauonekani. Fundi hana budi kubishana naye.

Nikija kwenye uwanja wa nyumba, na hapa ndipo makorongo yanapozaliwa. Ili kupata mahali tambarare tunakata mlima. Mkato uliosimama wima kama ukuta ni kaburi lililo wazi. Kwanza humfukia mchimbaji, na asipofukiwa yeye, mvua inayofuata itaifukia nyumba. Ukipita kimo cha mtu, ukatwe kwa ngazi, na juu yake upite mfereji wa kukinga maji ya mlima yasifike. Chini ya mkato na kandokando ya kila njia, pandeni majani ya kushika udongo: urubingo, wengine huita mabingobingo, au setaria. Majani hayo hukatwa na kulishwa ng'ombe, na nyumba nyingi zina ng'ombe wa Girinka, mpango ulioanza 2006, ambaye kila siku anataka chakula. Miti ya kupanda uani ni mgrivea, umusave, na umuvumu, ule mti wa jamii ya mkuyu uliokuwa kwenye nyua za wazee wetu. Mkaratusi ukae mbali na nyumba na mbali zaidi na chemchemi. Bustani ya mboga ya jikoni iwe upande wa maji ya kuoshea vyombo. Mtaona kwamba katika haya yote hakuna kitu cha kununua kwa pesa nyingi. Kuna kuchimba, kubeba, kupanda na kungoja.

Kungoja ndiko kunakotugombanisha na wenye kandarasi. Miaka iliyopita, katika wilaya nyingine, nilifanya kazi kwa mkandarasi mmoja ambaye jina lake siliandiki. Alitulipa kwa kipande, kwa kila tofali. Mfanyakazi wa kipande halindi tofali na jua, hageuzi, wala haangushi moja ili kulijaribu, kwa sababu hayo yote hayana pesa. Akina mama waliokuwa wakibeba maji hawakuhesabiwa kabisa, kwa kuwa maji siyo tofali. Mvua ya Septemba ilipowahi, matofali yaliyoloa tuliambiwa hayakupita, hayalipwi, ingawa turubai la kuyafunika tulikuwa tumeliomba mara tatu. Mifereji nayo na majani, mkandarasi alisema, watu watafanya kwa umuganda.

Hapo lazima tuwe waangalifu kusema. Umuganda wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni kazi yetu sote na tunauheshimu. Barabara ngapi na shule ngapi zimeinuka kwa huo? Lakini mfereji uliomo katika kandarasi, uliokwisha kupangiwa fedha, siyo umuganda. Ni kazi ya kibarua, na kibarua ana haki ya ujira wake. Mfereji ukiachwa usubiri Jumamosi ya hisani, mara nyingi hauchimbwi kabla ya mvua, na nyumba nzuri ya mwashi mzuri inabomoka. Kisha lawama inamwangukia mwashi.

Hali yetu kisheria siyo tupu. Sheria ya kazi ya 2018 haikubali mkataba wa mdomo uzidi siku 90 mfululizo. Msimu wa kupiga matofali pamoja na ujenzi wenyewe hupita siku hizo kwa urahisi, kwa hiyo hapo karatasi ni lazima. Mchango wa pensheni ulipandishwa kuwa asilimia 12 tangu Januari 2025, nusu ya mwajiri na nusu ya mfanyakazi, na asiyeandikishwa hana chake. Kima cha chini cha mshahara kilichotangazwa mwaka 1980 kilikuwa faranga 100 kwa siku, fedha ambayo leo hainunui hata chakula cha mtoto, na vyama vya wafanyakazi vimedai kwa miaka mingi kiwekwe kingine. Kwa hiyo bei ya siku tunaipigania wenyewe, uwanja kwa uwanja. Wale waliojifunza ufundi kazini bila shule wajitokeze kupimwa, kama STECOMA ilivyowapima wengi na kuwapatia vyeti. Mimi niliishia shule ya msingi, nami nasema cheti hicho kinafungua mlango ambao mwiko peke yake haufungui.

Basi kwa ndugu wa Bweyeye, na kwa wote mtakaopanda huko kiangazi kijacho, chama kinawaomba mambo haya yaandikwe katika makubaliano kabla jembe halijagusa ardhi: kwamba wapiga matofali, wabeba maji wakiwa humo, watalipwa kwa siku, kwamba wiki za kukausha zina mlinzi na mlinzi analipwa, kwamba turubai, buti na glavu zinatoka kwa mwenye kazi, kwamba mkanda wa juu, mifereji ya paa, shimo la mawe, mfereji wa kukinga na majani ya miteremko ni sehemu ya nyumba, na nyumba haihesabiwi kuwa imekwisha mpaka hayo yawepo. Mwenye nyumba maskini anayejijengea mwenyewe hatumdai karatasi ndefu. Kwake yeye keti naye, mhesabie lita za paa lake kwa jerikani kama nilivyofanya hapo juu, na mara nyingi atakubali kupunguza chumba kimoja ili apate mfereji.

Matofali yaanze kupigwa mvua za Mei zikiisha. Anayetaka mfano wa makubaliano hayo, kwa Kinyarwanda au kwa Kiswahili, amwone mjumbe wa chama wa uwanja wake.